Chai ya Boston na Kahawa ya Kilimanjaro

MWAKA 2026 ndio mwaka wa 250 tangu wawakilishi wa makoloni 13 ya Uingereza walipokutana katika mji wa Philadelphia, huko Amerika ya Kaskazini, wakatangaza tarehe 4 Julai 1776 ya kwamba nchi zao hazitatawaliwa tena na mfalme wa ng'ambo. Tangazo lile ndilo lililozaa taifa tuliitalo leo Marekani, na maneno yake juu ya usawa wa watu na haki yao ya kuwa huru yamesomwa katika kila pembe ya dunia.

Huenda msomaji wetu wa Kibosho au wa Mamba, aliyekwisha kujitwika kikapu chake cha kahawa tayari kwenda chamani, akauliza: mambo hayo yanatuhusu nini sisi? Swali hilo ni la haki, nasi twataka kulijibu. Yanatuhusu kwa sababu watu wa mlima huu nao wamepata kuweka misingi: wameunda chama, wameunda utawala, wameuvunja kwa kura, kisha wakashiriki pamoja na wenzao wa nchi nzima kuweka msingi wa taifa. Na tena yanatuhusu kwa sababu kazi ile ya kuweka msingi, katika nchi yetu, haijamalizika.

Hatukusudii kuwasifu waasisi wa Marekani kupita kiasi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Na waasisi wa taifa wakisifiwa mno, wajukuu zao huacha kuyaona maji yaliyotiwa katika tembo lile. Neno letu leo ni moja. Msingi wa taifa hupimwa kwa mambo mawili: ni nani aliyeachwa nje siku msingi ulipowekwa, na kama mlango uliachwa wazi ili kosa hilo lipate kusahihishwa bila kumwaga damu.

CHAI ILIYOTUPWA BAHARINI

Ugomvi wa Wamarekani na Uingereza ulikuwa ni ugomvi juu ya kodi kabla ya kuwa ugomvi juu ya uhuru. Bunge la London lilitoza kodi juu ya karatasi, juu ya chai na juu ya bidhaa nyingine, na katika Bunge hilo wakazi wa makoloni hawakuwa na mjumbe hata mmoja. Usiku wa tarehe 16 Desemba 1773 watu wa Boston walipanda merikebu zilizotia nanga bandarini, wakayatupa baharini makasha 342 ya chai. Hawakuwa watu wasiopenda chai. Walichokikataa ni kuamriwa juu ya mali yao na watu wasiowachagua.

Miaka mitatu baadaye ndipo lilipotoka Tangazo la Uhuru. Wengi hukumbuka maneno yake matamu ya mwanzo, lakini sehemu kubwa ya Tangazo lile ni orodha ya malalamiko: mfalme amefanya hili, mfalme amekataa lile. Mzee wetu yeyote aliyepata kuandika barua ya malalamiko kwa Bwana Shauri zamani za ukoloni angeutambua mtindo huo mara moja. Jambo la kujifunza hapo ni kwamba waasisi wale waliona ya kuwa haitoshi kuasi. Mtu muungwana hana budi kueleza sababu zake mbele ya dunia, ili kila mwenye akili apate kuamua.

Vita vilikwisha mwaka 1783, na mara Wamarekani wakagundua ya kuwa kumfukuza bwana ni kazi moja na kujenga nyumba ni kazi nyingine. Makubaliano ya kwanza ya muungano wao yalikuwa dhaifu mno. Baraza lao kuu halikuwa na uwezo wa kutoza kodi, na wala makubaliano yale hayakuweza kubadilishwa pasipo idhini ya majimbo yote 13. Mwaka 1786 wakulima wa Massachusetts, wengi wao askari waliorudi kutoka vitani, waliona mashamba yao yakinadiwa kwa ajili ya madeni na kodi. Wakashika silaha wakiongozwa na Daniel Shays. Wakubwa wakaingiwa na hofu.

Basi mwaka 1787 wajumbe 55 wakakutana tena Philadelphia, wakafunga milango, wakaandika Katiba mpya. Siku ya kutia sahihi, tarehe 17 Septemba, waliotia sahihi walikuwa 39 tu. Mmoja wa waliokataa alikuwa George Mason wa Virginia, ambaye alilalamika kwamba Katiba ile haina hati ya haki za raia. Na Katiba ilipopelekwa katika majimbo ili ikubaliwe, watu wengi walisema neno lilo hilo. Wenye kuitaka Katiba hawakuwaita wapinzani wao wasaliti. Waliwapa ahadi, na ahadi ikatimizwa: mwaka 1791 marekebisho kumi yakaongezwa, nayo ndiyo yaitwayo Hati ya Haki. Leo Mmarekani akiulizwa anajivunia nini katika Katiba yake, mara nyingi hutaja haki hizo zilizodaiwa na watu waliosema hapana.

Fundisho hilo ni kubwa, nalo ladai kukumbukwa na kila mwenye mamlaka. Aliyesema hapana mwaka 1787 ndiye aliyekamilisha kazi ya waliosema ndiyo.

NENO LILILOFICHWA

Lakini sasa tuyatazame maji katika tembo. Thomas Jefferson, mwandishi wa Tangazo lililosema watu wote wameumbwa sawa, alimiliki mamia ya watumwa katika maisha yake. Katika rasimu yake ya kwanza alikuwa ameweka fungu la kulaani biashara ya watumwa, akimlaumu mfalme kwa biashara hiyo. Wenzake wakalifuta fungu hilo ili kuwaridhisha majimbo yaliyokuwa na watumwa na wafanyabiashara waliofaidika nao. Miaka kumi na mmoja baadaye Katiba ikaandikwa, na ndani yake utumwa ulilindwa mara kadhaa. Biashara ya kuleta watumwa haikuweza kukatazwa kabla ya mwaka 1808. Mtumwa aliyetoroka ilipasa arudishwe. Na katika kugawa viti vya Bunge, kila watumwa watano walihesabiwa kama watu watatu, ingawa watumwa wenyewe hawakuwa na kura hata moja.

Jambo la ajabu ni hili: katika Katiba yote ile ya 1787 neno 'mtumwa' halimo. Walioandika waliona haya kulitaja. Walizunguka huku na huko kwa maneno ya 'watu wengine' na 'mtu mwenye kuwajibika kufanya kazi'. Waliujua uovu, wakauficha nyuma ya lugha nzuri, wakawaachia wajukuu zao kuumaliza.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wajukuu waliumaliza kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, vilivyoua watu zaidi ya 600,000. Baada ya vita hivyo utumwa ukakomeshwa kwa marekebisho ya Katiba mwaka 1865, na mwaka 1870 ikaandikwa ya kuwa mtu asinyimwe kura kwa sababu ya rangi yake. Hata hivyo majimbo ya kusini yalibuni hila za kila namna ili mtu mweusi asipige kura, na hila hizo hazikuvunjwa kwa nguvu ya kweli mpaka sheria ya mwaka 1965. Wanawake nao, ambao 1776 hakuna aliyewauliza, walingoja mpaka 1920 ndipo Katiba ilipowahakikishia kura.

Msomaji asidhani ya kuwa dhambi hiyo ilikaa mbali nasi. Mwaka 1833 Seyyid Said wa Unguja alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na wafanyabiashara wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, wakajaza Unguja kwa nguo nyeupe za pamba zilizopendwa mno. Watu wa pwani wakaziita merikani, kwa jina la nchi zilikotoka. Pamba ya nguo zile ililimwa kusini mwa Marekani kwa mikono ya watumwa weusi. Kisha nguo zikapakiwa katika misafara iliyopanda kuelekea bara, hata kwenye nchi za mlima wetu, na misafara hiyo ikarudi pwani na pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo. Hivyo jina la taifa lililotangaza uhuru wa watu wote liliwafikia babu zetu likiwa ni jina la kitambaa, na kitambaa hicho kilifumwa kwa jasho la mtumwa mmoja, kikatumika kumnunua mtumwa mwingine. Hayo ndiyo matunda ya neno lililofichwa Philadelphia.

KAHAWA YETU

Wamarekani walianza na chai. Sisi wa mlima tulianza na kahawa. Mbegu zake zilifika mikononi mwetu kupitia misheni ya Kilema mwishoni mwa karne ya 19, na baada ya vita vya kwanza vya dunia wakulima wengi wa Kichagga walianza kuipanda katikati ya migomba yao. Charles Dundas, ofisa wa serikali ya Kiingereza hapa Moshi, aliwatia moyo. Walowezi wa Kizungu walichukia. Walisema kahawa ya Mwafrika italeta magonjwa mashambani, na walichelea zaidi kwamba mtu mwenye kahawa yake hatakwenda kuwa kibarua wa mwingine.

Ndipo mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao, Kilimanjaro Native Planters Association, Joseph Merinyo akiwa kiongozi wao. Kazi zake zilikuwa wazi: kupambana na wadudu waharibifu, kuuza kahawa kwa pamoja, na kumtetea mkulima mweusi asinyang'anywe haki ya kupanda zao hilo. Tukumbuke ya kuwa kabla ya hapo mtu wa Machame, mtu wa Kilema na mtu wa Usseri walikuwa raia wa wamangi mbalimbali. Enzi za Mangi Rindi wa Moshi na Mangi Sina wa Kibosho, damu ilimwagika kati ya majirani waliotenganishwa na bonde moja tu. Kahawa ndiyo iliyowakalisha katika mkutano mmoja, kama vile kodi ya chai ilivyowakalisha pamoja watu wa Boston na watu wa Virginia.

Kutokana na sheria ya vyama vya ushirika ya 1932, chama kile kiligeuzwa, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, ushirika ambao kwa miaka mingi ulitajwa kuwa mfano katika Afrika nzima. Kwa fedha za kahawa watu walijenga shule na kusomesha watoto. Lakini ni lazima tuseme na lile lisilopendeza. Bei ya kahawa ilipoanguka duniani miaka ile ya 1930, wakulima walijikuta wamefungwa na amri ya kuuza kahawa yao yote kupitia KNCU, watake wasitake. Mwaka 1937 hasira ikawaka, ghasia zikazuka mlimani, na serikali ya kikoloni ikazizima kwa nguvu.

Wako waliosema wakati ule ya kwamba wale ni wakorofi wasiotaka maendeleo. Sisi hatusemi hivyo. Mkulima yule hakuuchukia ushirika, kwa maana ndiye aliyeuanzisha. Alichukia kuona chombo chake mwenyewe kikigeuzwa kuwa fimbo ya kumchapia. Mtu wa Boston angemwelewa bila kufasiriwa.

MANGI MKUU NA KURA

Tunafika sasa penye sura ambayo, kwa maoni yetu, watoto wa shule zetu yawapasa kuijua kama waijuavyo habari ya Hans Meyer na Yohani Lauwo waliopanda mlima mwaka 1889.

Baada ya vita vya pili vya dunia, utawala wa mlima uligawanywa mwaka 1946 katika sehemu tatu: Hai, Vunjo na Rombo. Watu wengi hawakuridhika. Petro Njau na Joseph Merinyo wakaongoza chama cha raia wa Kichagga, wakadai ya kuwa Wachagga wote wawe na mkuu mmoja, na mkuu huyo achaguliwe na watu. Kura ikapigwa mwaka 1951, na Thomas Marealle, mjukuu wa Mangi Marealle wa Marangu, akachaguliwa kuwa Mangi Mkuu, akasimikwa 1952. Alikuwa kijana msomi, mwenye bidii, na katika miaka yake ya mwanzo mlima ulisonga mbele katika elimu na katika kujitambua. Mwaka 1957 alikwenda kusema mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa.

Lakini swali likabaki: mkuu aliyechaguliwa na watu akae kitini hata lini? Wengine walisema kiti cha Mangi Mkuu ni cha maisha. Wengine wakasema ya kuwa aliyepewa kiti kwa kura yampasa kurudi kwa watu baada ya muda, na kwamba mlima wahitaji rais wa kuchaguliwa, si mfalme. Mabishano yalikuwa makali, na ndugu wa ukoo mmoja walitazamana kwa chuki. Hatimaye mwaka 1960 swali lenyewe likapigiwa kura, na wengi wakachagua kuwa na rais wa kuchaguliwa. Marealle akaondoka. Solomon Eliufoo, aliyekuwa pia waziri katika serikali ya Mwalimu Nyerere, akawa Rais wa Wachagga.

Tulipime jambo hilo kwa mizani ya haki. Katika miaka tisa tu, watu wa mlima mmoja walisimika mtawala kwa kura, wakaujaribu utawala wake, kisha wakabadilisha muundo wote kwa kura ile ile. Hakuna jeshi lililosimamishwa, wala Kibosho haikuchomwa tena. Na mwaka ule ule wa 1960, huko Mississippi na Alabama, Mmarekani mweusi mwenye elimu alikuwa akifukuzwa katika ofisi ya kuandikisha wapiga kura, ikiwa imepita miaka 184 tangu Tangazo la watu wote ni sawa. Hatusemi haya kwa kujigamba. Twasema ili kijana wetu asidhani ya kuwa maarifa ya kujitawala ni kitu cha kuletwa kwa meli. Mlima huu nao umepata kufundisha.

Walakini msingi wetu ule haukudumu, nao haukuondolewa kwa njia ile ulivyowekwa. Mwaka 1963 sheria ya Bunge ilikomesha utawala wa machifu Tanganyika nzima, na utawala wa Wachagga, pamoja na urais wake wa kuchaguliwa, ukaisha. Sababu ya umoja wa taifa ilikuwa nzito, nasi hatuidharau. Lakini mazoea ya kuamua kutoka juu yakiingia hayatoki upesi. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilifutwa. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika, KNCU ikiwa miongoni mwao, vilivunjwa kwa amri. Zote zilirudishwa katika miaka ya 1980, KNCU ikirudi 1984, baada ya nchi kuona hasara. Yaliyoamuliwa bila kuwauliza wenyewe yalidumu miaka michache. Gharama yake ililipwa na mkulima kwa muda mrefu.

UKURASA ULIOKOSEKANA

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliwasha mwenge juu ya kilele cha Kilimanjaro, na kilele kilichokuwa na jina la mfalme wa Kijerumani kikapewa jina la Uhuru. Miaka miwili kabla, Oktoba 1959, Mwalimu Nyerere alikuwa amelieleza Baraza la Kutunga Sheria ndoto hiyo ya mwanga juu ya mlima, utakaowapa matumaini walio gizani hata nje ya mipaka yetu.

Mwanga ule ulikuwa wa kweli. Lakini katika Katiba ya 1961, na katika Katiba ya Jamhuri ya 1962, ukurasa mmoja ulikosekana, ule ule alioulilia George Mason: hati ya haki za raia. Viongozi wa wakati ule walisema ya kuwa taifa changa lenye maadui na umaskini lisifungwe mikono na mahakama. Huenda hofu yao ilikuwa ya kweli, kama ilivyokuwa hofu ya wajumbe wa Philadelphia. Hata hivyo mwaka 1962 ilitungwa sheria ya kumweka mtu kizuizini bila hukumu, naye aliyefungwa kwa sheria hiyo hakuwa na ukurasa wa kuushika mkononi mbele ya jaji.

Ukurasa ule ulingojewa miaka 23. Uliingizwa katika Katiba mwaka 1984, na mahakama zikaanza kuutumia mwaka 1988. Tazama basi nguvu ya maandishi. Mwaka 1990, katika Mahakama Kuu huko Mwanza, Jaji Mwalusanya aliamua kesi ya mwanamke wa Kihaya aliyeuza shamba alilorithi, ilhali mila ya ukoo ilisema mwanamke hana uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo. Jaji akashika ukurasa ule wa haki, akasema mwanamke ana haki sawa na mwanamume. Kabla ya 1984 jaji huyo asingekuwa na cha kushika.

MWENYE KIHAMBA NA ASIYE NACHO

Hukumu ile haikuwa ya Wahaya peke yao. Sisi wa mlima, tunaowacheka Wamarekani kwa kusema watu wote huku wakificha watumwa, yatupasa tutazame nyumbani. Kihamba ni moyo wa nyumba ya Mchagga. Ndani yake mmo migomba, kahawa, ng'ombe na makaburi ya wazee. Mama ndiye anayekata majani ya ng'ombe, anayebeba samadi, anayechuma kahawa na kuianika. Lakini mila ilikipitisha kihamba kutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume, na binti alihesabiwa kuwa mtu wa kupita. Jina katika daftari la chama cha msingi kwa kawaida lilikuwa la mume. Tulipokusanyika 1925, na 1951, na 1960, tukasema 'watu wa mlima', wangapi katika watu hao walikuwa mama zetu?

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeandika ya kwamba mwanamke ana haki sawa ya kupata na kumiliki ardhi. Sheria ni njema. Lakini mjane anayefukuzwa na shemeji zake siku ya arobaini hasaidiwi na sheria asiyoijua, wala na mzee wa ukoo anayejifanya haijui. Ufa huu ni wetu sisi wenyewe, na kuuziba hakuhitaji fedha za serikali.

KAZI ILIYOBAKI

Sasa tuitazame nchi nzima. Mwaka 2011 Bunge lilipitisha sheria ya mabadiliko ya Katiba, na mwaka 2012 Tume ya Jaji Joseph Warioba ikaanza kuzunguka mijini na vijijini kusikiliza maoni. Maelfu ya wananchi walisimama wakasema. Rasimu ya pili ikatolewa Desemba 2013, na Bunge Maalumu likaketi Dodoma mwaka 2014. Ubishi mkubwa ulikuwa juu ya muundo wa Muungano: serikali mbili au tatu. Aprili 2014 sehemu ya wajumbe wakatoka wasirudi. Waliobaki wakaendelea, wakapitisha Katiba Inayopendekezwa mwezi Oktoba. Kura ya wananchi iliyopangwa kufanyika tarehe 30 Aprili 2015 ikaahirishwa, na mzee aliyetoa maoni yake mbele ya Tume akabaki hajui yamefika wapi.

Hatuandiki haya ili kumlaumu mtu, wala hatuchukui upande katika hesabu ya serikali mbili au tatu. Twasema tu ya kwamba mambo mazito hayapungui uzito kwa kuwekwa juu ya dari. Wamarekani waliweka utumwa darini mwaka 1787, na ulipoanguka uliwaangukia watoto.

Kila mtu wa mlima anaujua mfongo, mfereji wa maji uchimbwao kutoka mtoni juu, ukateremka ukizunguka vilima mpaka mashambani. Aliyeuchimba kwanza huheshimiwa, na ukoo wake hupewa usimamizi. Lakini heshima ya mchimbaji haileti maji. Kila mwaka watumiaji hutoka na majembe kuondoa tope na kuziba mahali palipobomoka, na asiyetoka huadhibiwa. Siku za maji hugawanywa kwa zamu, na zamu ya mtu wa chini haifutwi kwa sababu mtu wa juu yuko karibu na mto. Mfongo usiosafishwa hukauka, hata kama mchimbaji wake alikuwa shujaa. Taifa nalo ni hivyo hivyo.

Basi siku kazi ya Katiba itakaposhikwa tena kwa dhati, twaomba mambo matatu yashikwe pamoja nayo. Kwanza, kabla ya mjumbe wa kwanza kusema, na iulizwe: ni nani hayumo humu? Mkulima mdogo, mfugaji wa tambarare, mwanamke asiye na kihamba, kijana asiye na kazi, wawemo kwa idadi na kwa sauti. Pili, neno gumu litajwe kwa jina lake, lisifunikwe kwa maneno laini. Tatu, anayesema hapana asikilizwe kama George Mason alivyosikilizwa hatimaye, kwa sababu huenda amebeba ukurasa tunaouhitaji.

Na wewe, ndugu msomaji, usingoje kuitwa Dodoma. Itafute Katiba, uisome, umsomee na jirani asiyejua kusoma. Katika mkutano mkuu wa chama chako cha msingi, uliza hesabu. Katika kikao cha ukoo, useme kwa ajili ya binti na mjane. Wazee wetu wa 1925 walikuwa wakulima wa kawaida, wenye matope miguuni, nao waliweka msingi. Majembe yako mikononi mwetu, na mfongo unataka kusafishwa.